MySQL inazima watu wakijaa? Soma hii kabla hujaiwasha tena

Haipiti wiki mbili sijapata meseji ya hivi: "kaka seva imekufa tena, nimeiwasha imekaa dakika kumi ikafa". Nikiuliza umeangalia logi, kimya. Nikiuliza ina RAM kiasi gani, "nadhani moja au mbili". Sasa nimechoka kujibu mmoja mmoja, naandika mara moja, atakayeuliza tena namtumia hii.

Naongelea hali moja tu ambayo ndo wengi wetu tunayo: VPS (seva ya kukodi) ndogo yenye RAM ya GB 1 mpaka 4, Ubuntu, juu yake tovuti ya PHP (WordPress au mfumo ulioandika mwenyewe) na MySQL humohumo kwenye mashine moja. Siku za kawaida inaenda fresh, siku watu wakijaa databesi inazima na wageni wanaona "Error establishing a database connection". Kama unatumia MariaDB mambo ni yaleyale, panapotofautiana nitasema.

Kitu kimoja tu cha nadharia halafu tunaanza kazi. Mara nyingi MySQL haifi yenyewe, inauliwa. Linux ikiishiwa memori kabisa inachagua prosesi moja ya kuua ili mashine nzima isigande, na kwa kawaida inamchagua aliyekula memori nyingi kuliko wenzake, ambaye kwenye mashine kama yako ni mysqld, yani prosesi ya MySQL. Aliyeijaza memori ni PHP na vibarua wake hamsini (prosesi za PHP, kila moja inahudumia ombi moja kwa wakati), anayeuliwa ni MySQL. Yani wageni wamejaa nyumba nzima afu anayetolewa nje ni mwenye nyumba. Ndo maana ukihangaika na MySQL peke yake hupati jibu.

Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Njia ya kuingia kwenye seva kwa SSH na akaunti yenye sudo. Kama una cPanel ya kuchangia tu, mengi ya humu hutaweza, ongea na waliokuuzia.
- Paswedi ya ruti (root, akaunti kuu) ya MySQL (Ubuntu mara nyingi `sudo mysql` inatosha).
- Nafasi kwenye diski, angalau GB 4 au 5 zikiwa wazi.
- Sehemu nyingine ya kuweka bakapu, sio hiyohiyo seva. Laptop yako inafaa.
- Saa moja ya utulivu. Usifanye haya mwenye tovuti akiwa anakupigia kila dakika tatu, zima sauti ya simu kwanza.

1. Chukua ushahidi kabla hujaiwasha

Najua mkono unawasha kuandika `systemctl restart mysql`. Subiri dakika mbili, andika hizi kwanza na ukopi majibu yake mahali:

```
free -m
df -h
df -i
ps aux --sort=-rss | head -20
sudo systemctl status mysql
```

Logi zitabaki hata kesho ila picha ya memori ilivyokaa muda huu ikipotea imepotea. Ukishakopi, iwashe watu waendelee, tuje kwenye uchunguzi.

2. Jua imekufa kwa nini

Anza na logi za keneli (kiini cha Linux, ndo kinachoua prosesi):

```
sudo journalctl -k --since "3 hours ago" | grep -i "killed process"
```

Ukiona mstari wenye `Out of memory: Killed process` afu kwenye mabano `mysqld`, umepata jibu, ni memori. Kama mashine yenyewe ilijizima ikawaka, ongeza `-b -1` na utoe ile ya masaa, ili usome logi za kabla haijazima.

Sasa fungua logi ya MySQL yenyewe:

```
sudo tail -200 /var/log/mysql/error.log
```

Hapa kuna kitu ambacho watu hawakioni kwasababu wanatafuta neno ERROR. Angalia kilichokosekana. MySQL ikizimwa kwa amani inaandika `Shutdown complete`, ndo inafuata mistari ya kuwaka. Ikiuliwa na keneli haipewi hata nafasi ya kuaga, utaona logi inaenda kawaida, inakatika, halafu ghafla `starting as process` yenye namba mpya. Hakuna `Shutdown complete` katikati. Ukiona hivyo mara nne kwa siku moja ujue imeuliwa mara nne, na imekuwa ikifufuliwa na systemd (msimamizi wa huduma za Linux) bila wewe kujua, kwasababu Ubuntu imewekwa iiwashe tena ikifa vibaya.

Majibu mengine unayoweza kukuta:

- `No space left on device` au `errno 28`: diski imejaa, sio memori. Nenda mwisho kabisa.
- `Too many connections`: haijafa, imejaa. Hatua ya 6 na ya 8 ndo zako.
- `Too many open files` au `errno 24`: kikomo cha mafaili, nalo liko mwisho.
- `mysqld got signal 11`: hii ndo kufa kwenyewe hasa, hitilafu ya programu au RAM mbovu. Ni nadra. Apdeti MySQL kwanza.

3. Bakapu

Hakuna mjadala hapa.

```
sudo mysqldump -u root -p --single-transaction --routines --all-databases > bakapu.sql
ls -lh bakapu.sql
tail -1 bakapu.sql
```

Mstari wa mwisho uwe na `Dump completed`. Kama haupo, bakapu ilikatikia njiani na huna bakapu, una faili tu. Ivute kwenye laptop kwa `scp` ndo uendelee.

4. Weka swapu

Swapu ni sehemu ya diski ambayo Linux inaitumia kama memori RAM ikijaa. VPS nyingi zinakuja bila swapu kabisa, `free -m` itakuonyesha Swap 0 0 0. Maana yake memori ikiisha tu, kuna mtu anakufa papo hapo.

```
sudo fallocate -l 2G /swapfile
sudo chmod 600 /swapfile
sudo mkswap /swapfile
sudo swapon /swapfile
echo '/swapfile none swap sw 0 0' | sudo tee -a /etc/fstab
```

Angalia hiyo `-a` kwenye tee. Ukiisahau umefuta fstab yote (orodha ya diski ambayo Linux inaisoma ikiwaka), na siku seva ikizimwa haitawaka. Halafu iambie Linux isiikimbilie swapu ovyo:

```
echo 'vm.swappiness=10' | sudo tee /etc/sysctl.d/99-swapu.conf
sudo sysctl --system
```

Onyo: swapu ni diski na diski inaenda polepole. Inakupa muda wa kupumua, RAM hujaongeza. Mtu akiishia hapa anakuja wiki ijayo kulalamika "haifi tena ila inachukua sekunde 40 kufungua ukurasa", na kweli, ndo inavyokuwa.

5. Piga hesabu (usiruke hii, ndo mwongozo wenyewe)

Chukua karatasi. Kwanza jua kibarua mmoja wa PHP anakula kiasi gani. PHP inaendeshwa kwa PHP-FPM (prosesi zake zenyewe) au mod_php (ndani ya Apache). Kama unatumia PHP-FPM 8.1:

```
ps -ylC php-fpm8.1 --sort=rss
```

Safu ya RSS ndo RAM anayokula, iko kwa KB. Kibarua wa WordPress yenye plagini nyingi utamkuta MB 50, 60, wengine 80. Tuseme 60.

Sasa mashine ya GB 2:

- RAM yote: 2048
- Toa mfumo wenyewe, nginx, SSH na wenzake: 250
- Toa MySQL: 600
- Toa akiba usiyoigusa: 200
- Inabaki: 998

998 gawa kwa 60 unapata 16. Vibarua kumi na sita, basi. Sasa fungua faili lako (lile la hatua ya 6) uone umeweka wangapi. Mara nyingi nakuta 50, maana mtu alisoma mahali kwamba ukiongeza namba tovuti inaenda kasi. Hamsini mara 60 ni MB 3000 kwenye mashine ya 2048. Siku wateja kumi wakiingia hakuna shida, siku wakija hamsini kwa pamoja hesabu inakudai na anayelipa ni mysqld.

Wenye Apache na mod_php nyie angalieni zaidi, kwenye Ubuntu `MaxRequestWorkers` (kikomo cha vibarua) inakuja ikiwa 150. Mia na hamsini! Kwenye mashine ya GB 1.

Kuna shule moja ya binafsi niliwawekea mfumo wa matokeo. Mwaka mzima haujawahi kusumbua, watu watano sita kwa siku. Siku ya kufunga shule mwalimu wa taaluma akatupia linki kwenye magrupu ya WhatsApp ya wazazi, madarasa yote, saa moja jioni. Nilikuwa nakula. Mpaka nanawa mikono seva imeshakufa mara mbili. Kosa lilikuwa langu, niliacha ile 150 ya Apache kwenye mashine ya GB 1 na swapu sikuweka.

6. Punguza vibarua

PHP-FPM: fungua `/etc/php/8.1/fpm/pool.d/www.conf`, weka namba uliyoipata wewe, sio yangu:

```
pm = dynamic
pm.max_children = 16
pm.start_servers = 4
pm.min_spare_servers = 3
pm.max_spare_servers = 6
pm.max_requests = 500
```

Kisha `sudo systemctl restart php8.1-fpm`. Wa Apache na mod_php badilisha `MaxRequestWorkers` kwenye `/etc/apache2/mods-available/mpm_prefork.conf`.

Watu wanaogopa hapa, "si watu wengine watakosa huduma?" Hawakosi, wanapanga foleni. Kibarua akimaliza ombi moja kwa nusu sekunde anachukua linalofuata, kwa hiyo 16 wanahudumia maombi kama 32 kwa sekunde, ambayo ni mengi kwa tovuti zetu hizi. Foleni ya sekunde mbili ni bora kuliko databesi iliyokufa kwa wote.

Tahadhari moja. Baada ya hapo logi ya PHP itaanza kuandika `server reached pm.max_children setting, consider raising it`. Itakushawishi uongeze. Usiongeze mpaka urudi kwenye karatasi yako, logi ya PHP haijui una RAM kiasi gani.

7. Sasa ndo MySQL

Faili ni `/etc/mysql/mysql.conf.d/mysqld.cnf`, kwa MariaDB ni `/etc/mysql/mariadb.conf.d/50-server.cnf`. Kopi kwanza, ndo ubadilishe. Kwa ile mashine ya GB 2:

```
[mysqld]
innodb_buffer_pool_size = 256M
max_connections = 40
wait_timeout = 300
performance_schema = OFF
```

Maelezo mafupi. `innodb_buffer_pool_size` ndo sehemu MySQL inapohifadhi data kwenye RAM, utakuta ushauri wa asilimia 70 ya RAM, huo ni wa mashine ambayo ina databesi peke yake, sio yako iliyochanganya kila kitu. `max_connections` kwa kawaida ni 151. Kama vibarua wako 16 na kila mmoja anafungua koneksheni moja, 40 inatosha na inabaki ya kroni (kazi zinazojiendesha kwa ratiba) na ya kwako. `wait_timeout` ya kawaida ni sekunde 28800, yani masaa 8 koneksheni imekaa bure haifanyi kitu. `performance_schema` ni vipimo vya ndani, vinakula memori nzuri tu kwenye MySQL 8 na wewe huvitumii. MariaDB inakuja imezimwa tayari.

Makosa ninayoyaona kila siku kwenye hili faili:

- Kuongeza `max_connections` mpaka 500 kwasababu uliona "Too many connections". Hapo umefungua mlango mpana zaidi kwenye nyumba ileile. Kabla hujagusa angalia `SHOW GLOBAL STATUS LIKE 'Max_used_connections';` uone kiwango cha juu kilichowahi kufikiwa.
- Kukopi faili la mtu mwenye mashine ya GB 64. Unakuta `sort_buffer_size = 64M`. Hiyo ni kwa kila koneksheni inayopanga data! Zikipanga 151 kwa pamoja ni zaidi ya GB 9. Acha ya kawaida, kwa MySQL ni KB 256.
- Kuweka `query_cache_size`. Miongozo ya zamani yote inayo. MySQL 8.0 iliyotoka 2018 imeiondoa kabisa, ukiiweka MySQL inagoma kuwaka na kusema `unknown variable`. MariaDB bado inayo.

Kabla ya kuwasha upya, MySQL 8.0.16 kwenda juu unaweza kuipima:

```
sudo mysqld --validate-config
```

Ikikaa kimya ujue faili liko sawa. Kisha `sudo systemctl restart mysql`.

8. Tafuta kwiri inayochelewesha wenzake

Kwiri ni ombi la data ambalo PHP inaipelekea databesi. Kibarua anayesubiri databesi sekunde 6 amekalia MB 60 zake sekunde 6. Ukiifanya imalize kwa nusu sekunde ni kama umeongeza vibarua bila kununua RAM, ndo maana hatua hii mimi naipenda kuliko zote.

```
SET GLOBAL slow_query_log = ON;
SET GLOBAL long_query_time = 1;
SHOW VARIABLES LIKE 'slow_query_log_file';
```

Iache siku moja au mbili (ile ya sekunde inashika koneksheni mpya tu, usishangae za zamani kutoonekana). Halafu, ukiweka njia ya faili uliyoonyeshwa hapo juu:

```
sudo mysqldumpslow -s t -t 5 /var/lib/mysql/jina-slow.log
```

Inakupa tano zilizokula muda mwingi. Chukua ya kwanza, iwekee EXPLAIN mbele, MySQL ikuonyeshe itakavyoitafuta data. Ukiona `type` ni ALL na `rows` ni maelfu kwa maelfu, inasoma jedwali zima.

Ile shule nilikuta hivi:

```
EXPLAIN SELECT * FROM alama WHERE namba_usajili = 00412;
```

Jedwali lina mistari kama laki na elfu themanini ya miaka mitano, na EXPLAIN inasema inasoma yote kwa kila mzazi. Nikasema hakuna indeksi (kama faharasa ya kitabu, inaifikisha MySQL kwenye mstari bila kusoma jedwali zima). Naangalia, indeksi ipo! Nimekaa hapo karibu saa nzima. Kumbe safu ni VARCHAR (ya maandishi), maana namba zinaanza na sifuri, na kodi ya programu yangu inaipeleka bila alama za kunukuu, kama namba tupu. MySQL ukilinganisha safu ya maandishi na namba haiwezi kutumia indeksi ya hiyo safu, inabidi ibadilishe kila mstari mmoja mmoja ndo ilinganishe. Nikaweka `'00412'`, `rows` ikashuka kutoka laki na kitu mpaka 38. Alama mbili tu hizo.

Kama indeksi haipo kweli:

```
ALTER TABLE alama ADD INDEX idx_usajili (namba_usajili);
```

Fanya usiku. Na usiweke indeksi kila safu kama unapaka rangi, kila indeksi inapunguza kasi ya kuandika.

Wa WordPress hebu angalieni pia logi ya nginx au Apache kama kuna mtu anagonga `xmlrpc.php` au `wp-login.php` mfululizo. Mara nyingine "wateja wengi" ni roboti mmoja. Mzuie huko mbele, asifike kwenye PHP.

9. Jaribu mwenyewe kabla wateja hawajakujaribia

Kutoka mashine nyingine, usiku, kwenye seva yako mwenyewe na sio ya mtu:

```
sudo apt install apache2-utils
ab -n 500 -c 20 https://tovuti-yako/
```

Huku kwenye seva umefungua `watch -n 1 free -m`. Angalia safu ya available. Ikishuka ikatulia mahali juu ya 100 hivi, hesabu yako imekaa. Ikiendelea kushuka tu, bonyeza Ctrl+C urudi hatua ya 5. Na upime ukurasa unaogusa databesi, ukipima ukurasa uliokeshiwa (nakala iliyohifadhiwa tayari, haigusi databesi) unajidanganya.

Ikigoma bado

*Swapon inasema "Operation not permitted".* VPS yako ni ya kontena (OpenVZ na jamii yake), swapu inawekwa na mwenye mashine. Waandikie, au hama uende ya KVM (VPS yenye keneli yake yenyewe).

*Diski imejaa.* Mara nyingi ni logi za binari (rekodi za kila badiliko la databesi), MySQL 8 inaziandika yenyewe na kuzitunza siku 30. Usizifute kwa `rm`, ingia MySQL:

```
PURGE BINARY LOGS BEFORE NOW() - INTERVAL 3 DAY;
```

Na kwenye faili la hatua ya 7 weka `binlog_expire_logs_seconds = 259200`. Kama una replika (seva nyingine inayonakili databesi hii), hakikisha imeshazisoma kwanza. Kama `df -h` iko sawa ila `df -i` ni asilimia 100, una mafaili madogo mengi mno mahali, anza kutafuta kwenye seshen za PHP.

*Too many open files.* `sudo systemctl edit mysql`, andika `[Service]` na chini yake `LimitNOFILE=` na namba kubwa kuliko iliyopo sasa, washa upya.

*Nimefanya yote, RAM bado inaisha.* Basi ni ndogo kweli. Lipia ya juu yake, au hamishia databesi kwenye mashine yake peke yake. Sio aibu, mimi ile shule mwishowe niliwapandisha GB 2.

*Haiwaki kabisa baada ya kuuliwa.* Soma logi hadi mwisho kwanza, mara nyingi inajirekebisha na inachukua dakika kadhaa, ukiiua kwa `kill -9` katikati unaongeza tatizo. Kamwe usifute `ibdata1` hata mtu akuambie nini. Ikigoma kabisa, kopi folda lote la `/var/lib/mysql` pembeni, ndo uweke `innodb_force_recovery = 1` kwenye faili la hatua ya 7, jaribu, kisha 2, kisha 3. Ikiwaka toa dump haraka, kisha uondoe huo mstari. Kuanzia 4 kwenda juu inaweza kuharibu data moja kwa moja, kwa hiyo kama umefika 4 na ile bakapu ya hatua ya 3 ipo kwenye laptop, acha kuhangaika, weka MySQL upya urudishe bakapu.